Hamira inayozaa vishada: mwongozo kamili kwa aliyejaribu ikamkatalia

"Mwalimu, hamira yangu imezama yote siku ya tatu. Si tayari imeshikana?"

Hapana, haijashikana. Swali hili huletwa kwangu kila muhula wa maonyesho ya sayansi, na jibu ni lilelile: hamira yoyote ukiiacha imetulia usiku kucha itazama chini ya chupa, iwe imeshikana au haijashikana. Tunachotafuta ni kingine. Tunataka kizazi cha hamira ambacho seli binti ikichipuka haibanduki kwa mama yake, wala mjukuu kwa binti, mpaka wanaunda kishada kinachozama kwa dakika badala ya saa. Kizazi hicho hakitengenezwi kwa kuongeza kitu kwenye chupa. Kinapatikana kwa kuchagua, siku baada ya siku, ni nani atakayepewa supu mpya, yaani maji yenye chakula cha hamira.

Wengi wanaoshindwa hawashindwi na hamira. Wanashindwa na mkono wao wakati wa kuhamisha, kwa hiyo hatua ya 4 nimeiandika ndefu kuliko nyingine zote. Kazi hii inawezekana: mwaka 2012 mwanabiolojia William Ratcliff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha jaribio la namna hii lenye chupa 10, na kufikia siku ya 60 zote 10 zilikuwa na vishada. Wao walikuwa na mashine ya kutikisa na joto la nyuzi 30 lisiloyumba. Sisi tuna jikoni, Nairobi, na Julai yenye baridi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa hamira

- Hamira kavu ya kuokea mikate, pakiti mbili: moja ya kupandwa, nyingine ya kupikia supu
- Glukosi ya unga, ile ya dukani isiyo na ladha wala rangi
- Agari ya unga, ile inayogandisha supu kama jeli, gramu 20 hivi
- Chupa ndogo za glasi za mililita 100, angalau 14, zenye mdomo mpana
- Neli za maabara 6 za glasi, ndefu na nyembamba, na kishikio cha kuzisimamisha
- Pipeti za plastiki zilizofungwa moja moja, zenye kichwa cha kuminya
- Visahani vya petri 10
- Pamba, karatasi ya foili, tepu ya karatasi na kalamu ya wino usiofutika
- Sufuria ya presha
- Gliserini ya duka la dawa, na nafasi ndogo kwenye friza
- Hadubini. Ya shule inatosha, mradi inakuza mara 400
- EDTA kidogo kutoka duka la vifaa vya maabara, ile kemikali inayotumika kupimia ugumu wa maji
- Daftari. Simu si daftari. Simu huisha chaji mikono yako ikiwa na supu

Pia uwe na siku 60 ambazo hutasafiri, au ndugu anayeweza kufuata maagizo bila kuyaboresha.

## Hatua ya 1: Pika supu isiyo na mashapo

Chukua gramu 20 za hamira kavu, koroga kwenye lita moja ya maji, chemsha polepole kwa nusu saa. Hamira inakufa na kutoa virutubisho vyake majini. Acha ipoe, weka kwenye friji mpaka kesho yake, kisha mimina taratibu ile sehemu ya juu iliyo safi. Tope la chini tupa. Chuja sehemu ya juu kwa karatasi ya kuchujia kahawa, ongeza gramu 20 za glukosi na kijiko kimoja cha chai cha maji ya limau yaliyochujwa. Hamira hustahimili ukali kidogo. Bakteria wengi hawaupendi.

Sababu ya kuhangaika hivi na tope ni moja. Mizoga ya hamira iliyobaki kwenye supu nayo huzama. Ukihamisha kilichozama, utakuwa unahamisha maiti kutoka chupa hadi chupa na kujipongeza kwamba mashapo yanaongezeka.

Sasa gawa supu, mililita 20 kila chupa, ziba kwa pamba na foili, uingize kwenye sufuria ya presha. Kuchemsha kwa kawaida hakutoshi popote, na hapa kwetu hakutoshi zaidi: Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mbegu za bakteria wa udongo hukaa kwenye joto hilo kama wako sauna. Hata ndani ya presha, nyuzi zako zitakuwa chache kidogo kuliko za mtu wa Mombasa mwenye sufuria ileile, kwa kuwa hewa inayokandamiza kutoka nje ni nyepesi. Kwa hiyo usihesabu dakika 15 za kwenye vitabu. Hesabu 30, kuanzia mvuke unapoanza kupiga mluzi.

Angalia: usifungue presha kabla haijapoa yenyewe. Supu huchemka ghafla na kulowesha pamba, na pamba iliyolowa ni mlango wa ukungu.

Umefaulu kama: chupa mbili ulizoziacha mezani siku tatu bila kuzipanda kitu bado zimeng'aa, rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo. Zikichafuka, rudi presha. Usiendelee kwa kutumaini.

Supu ikitoka na utando mwembamba chini, ni protini zilizoganda kwa joto. Iache ituame, kisha uhamishe sehemu safi ya juu kwenye chupa nyingine iliyotakaswa.

## Hatua ya 2: Anza na seli moja, si pakiti

Pakiti ya hamira ya kuokea si mali safi. Mara nyingi humo mna bakteria wa maziwa lala wachache ambao kwenye mkate hawana shida, lakini kwenye chupa inayohamishwa mara 60 watapata nafasi yao.

Pika supu ileile na agari, gramu 20 kwa lita, takasa kwenye presha, mimina kwenye visahani. Lowesha punje chache za hamira katika maji ya uvuguvugu, chovya waya uliochomwa motoni ukapoa, na uchore mistari juu ya agari: mstari wa kwanza mzito, wa pili ukiugusa wa kwanza kidogo tu, wa tatu hivyohivyo. Baada ya siku mbili au tatu, mwishoni mwa mistari utaona vidoti vya rangi ya maziwa vilivyosimama peke yake. Kila kidoti ni ukoo wa seli moja, au karibu na hivyo. Chukua kimoja, kioteshe kwenye chupa moja ya supu kwa siku mbili.

Vidoti vinavyong'aa sana, vya njano, au vinavyovutika kama makamasi, achana navyo.

## Hatua ya 3: Gawa makundi mawili

Kutoka chupa hiyo moja, panda chupa 6. Tatu ziandike Z1, Z2, Z3, hizi ni za kuzamisha. Tatu ziandike K1, K2, K3, hizi ni kidhibiti. Zote zinapata supu ileile, joto lilelile, kutikiswa kulekule. Tofauti ni moja tu: za Z huhamishwa kutoka chini baada ya kutuama, za K huhamishwa mara tu baada ya kutikiswa.

Nimeona miradi mizuri ikianguka mbele ya majaji kwa kukosa chupa za K. Jaji anauliza, "Umejuaje kwamba ni kuzamisha kulikoleta vishada, si supu yako?" Mwanafunzi anatazama dari.

Na kwa nini tatu tatu? Kwa sababu badiliko la jeni linatokea kwa bahati. Z1 inaweza kuzaa vishada wiki ya tatu, Z2 wiki ya saba.

Joto. Nyuzi 30 ndizo nzuri. Watu huweka chupa kwenye katoni na balbu, kisha wanashangaa mbona ndani ni baridi. Balbu za siku hizi za LED hazitoi joto la maana. Balbu ya kulelea vifaranga ya agroveti nayo ni kali mno kwa katoni, inaweza kuichoma. Mimi hutumia boksi la kuhifadhia barafu lenye kidumu cha maji moto ndani, nakibadilisha asubuhi na jioni. Stima ikipotea haijalishi. Ukikosa kabisa, iache kwenye joto la nyumba na uhamishe kila baada ya saa 48 badala ya 24. Kuchelewa si kosa. Kubadilisha ratiba kila siku ndilo kosa.

Kutikisa. Zungusha kila chupa kwa nguvu kila unapopita karibu, mara 8 au 10 kwa siku. Hamira ikikaa imelala chini haipati hewa ya kutosha.

Angalia: usikaze kifuniko. Hamira hutoa gesi, na chupa ya glasi iliyofungwa kabisa hupasuka. Pamba na foili vinatosha.

## Hatua ya 4: Kuhamisha, hapo ndipo watu wanapoanguka

Fanya saa ileile kila siku. Nawa mikono, funga madirisha, zima feni, fanya kazi karibu na moto wa jiko la gesi ili hewa ipande juu badala ya kushusha vumbi. Spiriti ya kufutia meza ikauke kwanza kabla hujawasha moto.

1. Toa chupa kwenye boksi la joto na uiache mezani dakika 20, ipoe ilingane na chumba. Hili nililijifunza kwa hasara. Julai moja nilimimina hamira ya uvuguvugu kwenye neli zilizokuwa baridi, na kwa wiki mbili sikuelewa mbona hakuna kinachozama sawasawa. Maji ya joto kando ya glasi baridi hujizungusha yenyewe, yakibeba seli juu na chini. Nilikuwa nachagua kwa bahati nasibu.

2. Tikisa chupa mpaka usione mashapo yoyote chini. Igeuze kwenye mwanga uhakikishe.

3. Mimina mililita 10 kwenye neli iliyotakaswa. Isimamishe wima. Usiiweke juu ya friji, wala kwenye meza inayotetemeka kila matatu ikipita nje.

4. Anza saa. Dakika 45.

5. Chukua pipeti. Minya kichwa chake ukiwa bado nje ya neli, kisha izamishe polepole ukipitia pembeni mpaka ncha iguse chini. Achia kichwa kidogo kidogo, uvute mililita 0.2, yaani matone manne hivi. Ukizamisha pipeti kwanza ndipo uminye, unapuliza mapovu chini ya neli na kuchafua kila kilichotuama. Ukinitumia daftari na kuniambia wiki sita zimepita bila kitu, hili ndilo la kwanza nitakalouliza.

6. Weka matone hayo kwenye chupa mpya ya supu. Ziba, andika jina, tarehe na namba ya uhamisho.

Kwa chupa za K: tikisa, na hapohapo vuta mililita 0.2 kutoka katikati. Usisubiri.

Chupa ya jana usiioshe. Iweke kwenye friji mpaka uhamisho wa kesho uonekane umeota. Hiyo ndiyo bima yako.

Kwa nini dakika 45? Seli moja ya hamira ina upana wa mikromita 5 hivi, na huzama karibu nusu sentimita kwa saa. Katika dakika 45 seli pweke nyingi bado zinaelea. Kitu chenye upana mara mbili huzama takriban mara nne haraka zaidi. Kwa hiyo hata kishada kidogo cha seli chache kina nafasi kubwa ya kuwa chini pipeti inapofika.

Na kwa nini mililita 0.2? Ni sehemu moja katika 100 ya chupa. Ili kujaza chupa tena, hamira lazima igawanyike maradufu mara 6 hadi 7. Ndiyo kusema siku 30 ni vizazi karibu 200. Ukihamisha kijiko kizima kwa huruma, umepunguza vizazi na umebeba seli pweke pamoja na vishada.

Umefaulu kama: kesho yake chupa ina weupe kama wa maziwa na harufu ya mkate au pombe. Harufu ya siki kali au mayai, au utando juu, ni wageni. Rudi kwenye chupa ya friji.

## Hatua ya 5: Punguza muda, lakini si kabla ya wakati

Siku moja utaona dakika 45 zikifika, sehemu ya juu ya neli ya Z imeng'aa. Maana yake karibu kila mtu sasa anafika chini kwa wakati, na mchujo umekwisha nguvu. Punguza hadi dakika 30. Ikizoea, 15, halafu 10, halafu 5.

Wenye haraka huanza na dakika 5 siku ya kwanza. Katika dakika 5 seli pweke haijashuka hata nusu milimita, na vishada bado havipo. Unachovuta chini ni sawa na cha juu. Hapo chupa za Z zimekuwa K zenye jina lingine.

Hamira ya kuokea inaweza kukutesa zaidi ya ile ya maabara. Mara nyingi ina nakala zaidi ya mbili za kila jeni, na badiliko tunalolitafuta ni la kupoteza kazi: nakala moja iliyobaki nzima inaweza kuendelea kutenganisha seli. Wiki tatu bila kitu ni kawaida.

## Hatua ya 6: Weka akiba kila Jumapili

Changanya mililita 0.75 ya hamira na mililita 0.25 ya gliserini iliyotakaswa kwenye kichupa kidogo, andika tarehe, tia kwenye friza. Gliserini huzuia barafu isipasue seli. Friza ya nyumbani haitunzi milele, lakini inakuvusha mradi. Ukungu ukiingia wiki ya saba, unarudi wiki ya sita, si siku ya kwanza. Na siku ya maonyesho unaweza kuamsha babu na mjukuu ukawaweka kando kwa kando.

## Hatua ya 7: Thibitisha kwamba ni vishada vya kweli

Kwa macho kwanza. Tikisa Z na K, ziinue kwenye dirisha. K ni kama maziwa yaliyozimuliwa, nyeupe moja isiyo na punje. Z iliyofaulu ina chengachenga, kama mtu amemwaga semolina kidogo majini, na unaona punje zikishuka huku umeishika.

Lakini punje zinaweza kudanganya, kwa sababu hamira ina njia mbili za kuwa pamoja.

Njia ya kwanza ni kugandana. Seli zilizokwisha kutengana zinashikana kwa protini za ukutani zinazohitaji kalsiamu. Ni kama abiria wa matatu: wamebanana, lakini hawajuani. Njia ya pili ndiyo tunayoitaka. Kwenye jaribio la Minnesota, baadhi ya vishada vilivyochunguzwa baadaye vilikuwa na hitilafu kwenye jeni iitwayo ACE2. Kwa kawaida jeni hiyo huwasha vimeng'enya vinavyokata ukuta kati ya mama na binti. Ikizimika, binti habanduki. Hapa ni ukoo mmoja, wote wametoka kwa seli moja.

Ukimwonyesha Mzungu picha ya kishada hicho atakuambia ni chembe ya theluji. Mimi naona mpungate: kipande juu ya kipande, kila kimoja kimechipuka kutoka kwa mwenzake. Hata uzazi wake ni wa mpungate. Tawi likikatika, linaanza kishada kipya.

Majaribio matatu, yote uyafanye:

La EDTA. Chukua matone machache ya Z, changanya na myeyusho wa EDTA, tikisa, tazama. EDTA hunyang'anya kalsiamu. Punje zikiyeyuka na kuwa maziwa, ulikuwa na abiria wa matatu. Zikibaki punje, una ukoo. Vaa glavu, na usitumie vyombo vya chakula.

La hadubini. Zimua tone kwa maji mara 10, funika kwa kioo chembamba, anza na mkuzo mdogo. Tafuta matawi, na pale seli mbili zinapokutana utafute shingo nyembamba ya kuchipukia. Bonyeza kioo taratibu kwa ncha ya kalamu: ukoo hukatika vipande vyenye matawi, mgando husambaratika ovyo. Usihesabu tone zito lisilozimuliwa. Seli pweke zikirundikana zinaonekana kama kishada, na picha nyingi ninazotumiwa ni hizo.

La urithi. Chora Z kwenye kisahani kama hatua ya 2, chukua kidoti kimoja, kioteshe kwenye supu mpya bila kuzamisha hata mara moja. Kikitoa vishada tena, tabia imo ndani ya jeni. Kisipotoa, rudi hatua ya 4.

Kwa kipimo cha namba, jaza neli mbili kimo sawa, Z na K, tikisa pamoja, piga picha kila dakika na rula kando. Andika dakika ambayo sentimita 3 za juu zimeng'aa. Jaji hubishana na maelezo. Kubishana na picha 20 zenye rula ni vigumu.

## Z moja imefaulu, mbili hazijafaulu

Usimwagie Z1 kwenye Z2 ili zifanane. Nimeona likifanyika usiku wa kuamkia maonyesho, na likaonekana, kwa kuwa daftari la Z2 lilikuwa tupu wiki nane kisha likafaulu kwa usiku mmoja. Ripoti kama ilivyo: moja kati ya tatu za Z, sifuri kati ya tatu za K.

Ukitaka kuendelea, mradi huu hauna dari ya karibu. Mwaka 2023 kundi la Ratcliff, wakati huo likiwa chuo kingine cha Marekani, Georgia Tech, lilichapisha matokeo ya mihamisho ya siku 600. Baadhi ya vishada vilikuwa vikubwa mara 20,000 kuliko vya mwanzo, vikionekana kwa macho, na vilivyofika huko ni vile ambavyo havikutegemea oksijeni kabisa.

Ukimaliza, chupa zote zilowekwe kwenye jiki iliyozimuliwa kwa usiku mmoja kabla ya kuoshwa. Kuna aliyeniuliza kama anaweza kuumulia mandazi kwa Z3. Chupa hiyo imefunguliwa mara 60 jikoni kwako, imwage.